Chaja ya simu ndani ya Land Rover ya 1964

Fundi umeme wa magari anamjibu msomaji wa Kiwanja, Rutshuru.

Swali: Fundi, nimenunua Land Rover ya petroli ya 1964, imetokea Uganda kupitia Ishasha. Chaja ya simu niliyoichomeka iliungua papo hapo. Kosa ni nini?

Jibu: Ndugu yangu, chaja haina kosa. Hadi 1967, Land Rover zilitoka kiwandani na nguzo chanya ya betri imefungwa kwenye chasi, kama Morris Minor na magari mengi ya Uingereza ya enzi hizo. Masi yako, yaani chasi, ni chanya, basi ukuta wa tundu la kiberiti cha sigara ni chanya na katikati ni hasi. Balbu na honi havijali. Vyenye dayodi na transista huungua. Lakini fuata waya wa betri kwa macho yako kwanza, usiamini mwaka pekee, kwani magari mengi yamekwisha kugeuzwa.

Swali: Nikitaka simu tu?

Jibu: Funga tundu jipya la plastiki lisiloshika bodi: ukuta wake kwenye hasi ya betri, katikati kwenye chasi. Fyuzi ikae kwenye waya wa hasi. Chuma cha kichwa cha kebo kisiguse bodi kamwe, ni shoti.

Swali: Na redio?

Jibu: Hapo geuza gari zima. Ganda la redio na la waya wa antena ni hasi, na vyote hugusa bodi. Geuza betri, vibano vyake havitakaa sawa, kwa kuwa nguzo chanya ni nene zaidi. Badilishanisha nyaya mbili ndogo za koili, na za mita ya ampea kama ipo. Kisha dinamo, na hapa wengi hukosea: injini ikiwa imezimwa, chomoa waya wa F kwenye dinamo, halafu gusisha waya kutoka nguzo chanya ya betri kwenye F kwa sekunde moja au mbili. Ukiruka hatua hii dinamo itachaji kinyume. Stata haihitaji kuguswa.

Swali: Kabla ya kugeuza, naweza kuazima moto kwa Toyota?

Jibu: Ndiyo, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nguzo kwa nguzo. Ila magari yasigusane hata bampa, kwa sababu bodi moja ni chanya na nyingine hasi.

Ukishageuza, tafadhali andika kwa rangi chini ya boneti: MASI NI HASI. Fundi atakayekufuata asome kabla ya kushika waya.