Ukingoni mwa Grand Canyon

Swali: Nitazuru Marekani pamoja na mama yangu, ambaye magoti hayamruhusu kupanda milima. Je, ataliona korongo la Grand Canyon bila taabu?

Jibu: Ataliona, inshallah, tena kwa raha, maadamu katika ukingo wa kusini iko njia iliyotiwa lami, aghalabu tambarare, itokayo makumbusho ya Yavapai hadi kijiji cha Grand Canyon, yapata kilomita 2, ambamo kila mita moja, yenye alama yake ya madini ardhini, yahesabiwa kuwa miaka milioni moja ya tarehe ya dunia, na kandoni yamepangwa mawe ya tabaka zile zile zilizomo gengeni, ruhusa kuyapapasa. Pahala hapo pana kimo cha mita 2,100 hivi, na hewa ni nyepesi. Mwendo uwe wa taratibu, na maji msiyasahau. Pasipo na kizuizi, mshike mkono.