Moshi wa Chumba cha Chini Upite Wapi?

Katika milima yetu ya Butembo na Lubero watu wengi hujenga penye mteremko. Chini ya nyumba hubaki chumba kimoja, nusu yake imechimbwa katika udongo. Butembo iko juu ya mita 1,700, na baridi ya usiku ni kali. Basi watu hupika na kuota moto katika chumba kile, na watoto hulala juu yake. Je, moshi wa moto huo unapita wapi? Kama huwezi kunionyesha njia yake kwa kidole, unapita katika kifua cha mtoto wako.

Moshi unaoonekana huumiza macho na kuleta kikohozi na nimonia. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba moshi wa majiko uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020.

Lakini iko hewa nyingine mbaya, isiyoonekana wala kunuka. Hutoka sana katika makala yanayowaka polepole ndani ya mbabula. Jina lake ni monoksidi ya kaboni. Hushika damu mahali pa oksijeni, na mtu hufa usingizini. Watu wa Goma wanajua mazuku, hewa ya volkano inayolala mabondeni. Hii si mazuku. Hailali chini, huchanganyika na hewa yote ya chumba, tena hupanda kwa nyufa za mbao mpaka chumba cha juu. Kitanda kirefu si kinga.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na kulegea. Tena wote wa nyumba huugua pamoja, na wakitoka nje hupata nafuu. Usiseme upesi kwamba jirani ametia sumu. Undugu umevunjika kwa neno hilo, na kumbe ni mbabula iliyowekwa karibu na kitanda! Fungua milango, watoe nje, uwalete hospitali wapewe oksijeni. Usikawie kwa mama mwenye mimba, kwa maana mtoto aliye tumboni huumia hata mama akionekana mzima.

Sasa tuseme juu ya dohani, ndiyo njia ya moshi. Uipange kabla ya kununua tofali moja. Moshi wa moto hupanda. Ukipoa huchoka na kurudi. Kwa hiyo dohani ipande wima, ndani ya nyumba mahali penye joto, si nje katika ukuta wa baridi. Kama ni lazima kupinda, ipinde polepole, isilazwe kamwe. Wala usiifanye nyembamba njiani.

Bomba tupu la chuma lisipite katika sakafu ya mbao. Jenga dohani ya matofali tangu chini, yenye msingi wake, na mbao zisiguse matofali: acha nafasi ya sentimita 5. Juu ya paa la mabati ipande sentimita 90 kupita tundu lake, tena sentimita 60 kupita kila kitu kilicho karibu, mpaka mita 3. Ikiwa fupi, upepo wa paa hurudisha moshi. Paa la nyasi ni habari nyingine. Cheche moja yatosha, basi jiko likae nje.

Dohani haiwezi kuvuta kama hewa haiingii. Acha tundu chini ya mlango, usilizibe kwa nguo kwa ajili ya baridi. Kuni ziwe kavu, kwa maana kuni mbichi huleta masizi mengi, na masizi huweza kuwaka ndani ya dohani. Yaondoe kila mwezi. Na mbabula, ambayo haina dohani, usiilaze ndani hata usiku mmoja.

Kabla ya moto wa kwanza, washa nyasi kavu kidogo katika mdomo wa dohani, utazame. Moshi ukirudi chumbani, zima, na usiwashe tena mpaka fundi ametengeneza.