Toka Blanketini! Vidokezo 8 vya Kupiga Picha Majengo ya Kale ya Chicago Wakati wa Baridi

Theluji imeanguka, upepo wa Ziwa Michigan unavuma, na wewe umejikunyata ndani ukitazama picha walizopiga wenzako. Haya, inuka! Kuanzia Desemba hadi Februari mji huu unapigika picha kuliko unavyodhani. Miti imepukutisha majani, hakuna kinachoziba sura za majengo. Watalii wamepungua. Nusu siku inakutosha, tena bila kamera ya bei mbaya. Uwe mwenyeji, au umekuja kumsalimu shangazi aliyehamia huku kutoka Lubumbashi, vaa koti tuondoke.

1. Lifuate jua, ni la kusuasua

Tuliozoea jua la ikweta tunajua kwamba adhuhuri si saa ya kupiga picha: mwanga unamwagika kutoka utosini, kila kitu kinapauka. Chicago mwezi Desemba mambo ni tofauti. Jua linachomoza kama saa moja na robo asubuhi, linazama kama saa kumi na dakika ishirini, na hata saa sita mchana halipandi zaidi ya nyuzi 25 hivi. Kutwa nzima mwanga unakuja wa ubavuni, na kila nakshi ya ukutani inapata kivuli chake. Mbinu: mitaa ya katikati ya mji imenyooka kama rula. Karibu na saa sita, jua linapenya moja kwa moja kwenye mitaa inayokwenda kaskazini na kusini, kama LaSalle na State. Lipe jua mgongo, tazama kaskazini, piga. Baada ya nusu saa hivi kivuli kinarudi, kwa hiyo kahawa itasubiri.

2. Anza kwa mzee aliyenusurika

Oktoba 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago. Mnara wa maji wa Michigan Avenue, uliojengwa mwaka 1869 kwa mawe ya chokaa ya rangi ya manjano, ukabaki umesimama. Leo umezungukwa na majengo marefu kiasi kwamba unaonekana kama mtoto aliyepotea harusini. Basi utumie udogo wake! Vuka barabara, chuchumaa, uache jengo lenye ghorofa 100, lililoitwa John Hancock hadi mwaka 2018, litokeze nyuma yake. Picha moja, na karne nzima imeingia.

3. Usiiamini kamera mbele ya theluji

Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji yako inatoka rangi ya majivu. Kwenye simu, gusa jengo kwenye skrini kisha telezesha kidole juu kidogo mpaka theluji ing'ae. Kwenye kamera, ongeza mwangaza hatua moja, au moja na nusu. Ukiona alama za theluji zimepotea kabisa, umezidisha, rudi nyuma kidogo. Kwisha kazi.

4. Betri ilale kifuani

Simu iliyokuwa na chaji nusu inaweza kuzimika ghafla kwenye baridi kali. Haijafa, imeganda tu: betri hizi hutoa umeme kidogo zikipoa. Iweke kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, uitoe unapopiga tu. Betri ya akiba nayo ikae humo humo. Na glavu? Vaa nyembamba zinazokubali skrini, halafu nene juu yake.

5. Ingia ndani, ujipashe joto kazini

Hapa ndipo matembezi yananoga. Chicago Cultural Center, jengo la mwaka 1897 lililoanza kama maktaba kuu ya umma, halina kiingilio. Panda hadi ukumbi wa Preston Bradley, utazame juu: kuba la vioo vya Tiffany lenye upana wa mita 11 na ushei. Watu wengi hulipiga wakiwa wameinua shingo, likatoka limepinda. Wewe simama katikati kabisa, weka simu chali usawa wa kiuno, lenzi ya mbele ikitazama juu, uweke saa ya kuhesabu. Duara linatoka duara. Shingo nayo inakushukuru.

Siku ya kazi, pitia pia Rookery kwenye mtaa wa LaSalle. Nje ni jengo zito la mwaka 1888, lenye rangi nyekundu iliyokolea. Ndani kuna ukumbi mweupe wenye paa la kioo, uliofanyiwa upya na Frank Lloyd Wright mwaka 1905: marumaru, nakshi za dhahabu, na mwanga wa kila upande. Msalimie mlinzi kwanza na uulize kama ruksa kupiga picha. Stendi ya kamera ibaki begani, kumbi nyingi haziitaki. Theluji ikizidi, ulizia njia za chini ya ardhi ziitwazo Pedway. Utatoka Cultural Center mpaka duka la Macy's bila kuguswa na upepo.

6. Mfuko wa plastiki, uchawi wa bei rahisi

Ukiingia na kamera ya baridi kwenye chumba chenye joto, lenzi inalowa ukungu papo hapo. Kwa hiyo, ukiwa bado nje, itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri. Ndani, iache humo mpaka ipate joto. Ukungu utakaa juu ya plastiki. Wakati huo unapiga kwa simu iliyokuwa kifuani, sivyo?

7. Monadnock: sogea karibu

Jengo hili la Jackson na Dearborn ni mawili yaliyounganishwa. Nusu ya kaskazini, ya mwaka 1891, ina ghorofa 16 zilizobebwa na kuta za matofali matupu, ambazo chini kabisa zina unene wa karibu mita 1.8. Nusu ya kusini ilikamilika mwaka 1893 kwa fremu ya chuma, na ujenzi wa kuta nene ukaanza kusahaulika. Kuliingiza lote kwenye picha ni kujitesa. Piga dirisha la chini kwa ubavu, kina chake kionekane. Ila usiegemee ukutani bila kutazama juu! Ukikuta kibao cha kuonya kuhusu barafu inayoanguka, hama.

8. Giza likianza, ndiyo kwanza

Wengi wanakimbilia treni jua likizama. Wewe nenda daraja la Michigan Avenue. Kwa kama nusu saa anga inakuwa ya buluu iliyokolea, na jengo la Wrigley, lililovikwa vigae vyeupe miaka ya 1920, linamulikwa kwa taa kutoka chini. Washa hali ya usiku, egemeza simu kwenye ukingo, weka sekunde tatu za kuhesabu. Tatizo ni kwamba daraja linatikisika mabasi yakipita. Subiri taa za barabarani ziwe nyekundu, magari yasimame, ndipo ubonyeze.