Uandishi wa Kiuamilifu: Resipe

Resipe ni maelezo ya jinsi ya kuandaa chakula fulani. Huonyesha viungo, vipimo vyake na hatua za upishi kwa mfuatano. Watahiniwa wengi huona utungo huu ni mwepesi, kisha hupoteza alama kwa kusimulia siku walipopika badala ya kumwelekeza mpishi. Kumbuka kwamba anayekusoma huenda ana maembe manne tu na hana pesa za kununua mengine. Ukiruka hatua moja, chakula cha sikukuu kimeharibika.

Sura ya resipe
(a) Kichwa: taja chakula na idadi ya walaji.
(b) Viungo: viorodheshe pamoja na vipimo.
(c) Hatua: zipange kwa nambari.
(d) Tanbihi: toa tahadhari au ushauri, ikiwa upo.

Swali
Krismasi inakaribia. Shangazi yako atawaandalia jamaa sita kitindamlo, na mmoja wao, nyanya yako, ana ugonjwa wa kisukari. Mwandikie resipe ya kitindamlo cha matunda na oti. (alama 20)

Jibu la mfano

RESIPE YA KITINDAMLO CHA MAEMBE NA OTI (WATU 6)

Viungo
- Maembe 4 makubwa, yaliyoiva lakini hayajalainika sana
- Maji ya limau, kijiko 1 kikubwa
- Oti, kikombe 1½
- Unga wa ngano, kikombe ½ na kijiko 1 kikubwa
- Siagi, gramu 80
- Asali, vijiko 2 vikubwa
- Mdalasini wa unga, kijiko 1 kidogo

Hatua
1. Washa oveni ipate joto la nyuzi 180 za Selsiasi.
2. Osha maembe, yamenye, kisha yakate vipande vya sentimita 2.
3. Changanya vipande hivyo na maji ya limau pamoja na kijiko 1 cha unga. Vitandaze katika chombo cha kuokea.
4. Katika bakuli, tia oti, unga uliobaki na mdalasini. Ongeza siagi, ufikiche kwa vidole hadi upate chenga.
5. Tia asali, ukoroge kidogo.
6. Nyunyiza chenga juu ya maembe bila kuzishindilia.
7. Oka kwa dakika 35, au hadi sehemu ya juu iwe ya hudhurungi na maji ya maembe yatokote pembeni.
8. Epua, uache kipoe kwa dakika 10, kisha pakua.

Tanbihi: Asali pia ni sukari. Oka sehemu ya nyanya katika kibakuli chake bila asali. Mpe kiasi kidogo, kwa kuwa maembe yenyewe yana sukari.

Zingatia
1. Vitenzi viko katika hali ya kuamuru: osha, kata, tia, oka. Usichanganye na wakati uliopita.
2. Usiandike "asali kiasi". Mpishi hawezi kupima neno "kiasi".
3. Hatua ya 7 ina muda na pia ishara ya kuonekana kwa macho. Oveni hazilingani, ishara humsaidia mpishi kujua chakula kimeiva.
4. Kila kiungo kilichoorodheshwa sharti kitumike katika hatua. Hakiki kabla ya kukabidhi karatasi.
5. Swali lilitaja kisukari. Jibu lisilogusia nyanya halijakamilika, hata kama lugha yake ni safi.

Zoezi
1. Sahihisha: "Maembe yalikatwa, tukatia sukari kiasi, halafu unaoka mpaka yaive."
2. Shangazi hana oveni. Andika upya hatua ya 1 na ya 7 kwa kutumia sufuria na jiko la makaa. (Kidokezo: makaa machache huwekwa chini, mengi juu ya mfuniko.)
3. Andika resipe ya kitindamlo cha ndizi na oti kwa watu 4.