Mwili Upunguapo: Yapi ya Kawaida, Yapi ya Hatari

Wako watu wengi, mijini na mashambani, walioshauriwa na daktari wapunguze unene kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu au maumivu ya magoti. Mtu akishika shauri hilo huona mambo mageni mwilini mwake, akaingiwa na hofu. Mmoja huacha kabisa. Mwingine hupuuza hata dalili iliyopasa kumpeleka hospitali. Yafaa basi tujifunze kuzitenganisha.

Kwanza, mizani. Katika juma la kwanza mtu aweza kupungua kilo 2, kisha mizani ikawa kama imesimama. Sababu yake ni hii: mwili huweka akiba ya sukari katika ini na misuli, nayo akiba hukaa pamoja na maji mengi. Akiba ikitumika, maji hutoka. Mafuta huondoka polepole, kwa hiyo mtu asikate tamaa.

Pili, baridi. Katika miaka ya 1944 na 1945, vijana 36 waliojitolea katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipunguziwa chakula kwa muda wa miezi 6 hivi. Walisikia baridi sana, mapigo ya moyo yakawa ya polepole, na miguu ya wengine ikavimba. Mwili ukinyimwa chakula hubana matumizi, kama mwenye nyumba apunguzavyo kuni. Baridi kidogo ni kawaida. Kuvimba miguu au kuzimia si kawaida.

Tatu, nywele. Baada ya miezi 2 au 3 nywele zaweza kung'oka nyingi. Mara nyingi huota tena, iwapo mtu hajinyimi maharagwe, mayai, samaki au maziwa.

Nne, kitu kigumu. Mtu hupapasa penye chembe cha moyo akakuta kitu kama uvimbe. Mara nyingi hiyo ni ncha ya mfupa wa kidari, iliyokuwa imefunikwa na mafuta. Kila mtu anayo. Lakini uvimbe wa titi, shingo, kwapa au kinena usifikiriwe hivyo. Hapana budi daktari auone.

Sasa zishikeni dalili za hatari. Maumivu makali chini ya mbavu za kuume, au macho kuwa ya manjano, yaweza kutokana na vijiwe vya nyongo, ambavyo huwapata zaidi wapunguao kwa haraka. Nusu kilo hadi kilo 1 kwa juma yatosha. Anayetumia dawa za sukari au shinikizo la damu akipatwa na kizunguzungu au kutetemeka, yamkini dawa imezidi nguvu kwa mwili uliopungua. Asiiache kwa shauri lake mwenyewe, bali amwendee daktari upesi. Mwanamke akikosa hedhi naye apimwe.

Kubwa kuliko yote, kukonda bila kukusudia si jambo la kusifiwa, wala si la kumsingizia jirani uchawi. Pamoja na kiu na kukojoa mara kwa mara, huenda ni ugonjwa wa sukari. Pamoja na kikohozi cha majuma 2 na jasho la usiku, huenda ni kifua kikuu, nacho chapona kwa dawa zikimezwa mpaka mwisho.

Pimeni uzito mara moja kwa juma, siku ile ile na kwa mizani ile ile. Andikeni kila badiliko mlionalo pamoja na tarehe yake, mkampe daktari karatasi hiyo aisome.