Stima Yako Inajua Nini Kukuhusu?

Ukinunua tokeni kwa simu, unatumiwa namba 20, unazibonyeza kwenye mita na stima inarudi. Umewahi kujiuliza ni nini kinabaki kwa rekodi? Kwa mita ya kawaida ya kubonyeza, si mengi: ulilipa lini, pesa ngapi, na namba ya mita. Haimwambii mtu ulilala saa ngapi. Namba zinaingia, hakuna kinachotoka.

Sola ya kulipa pole pole ni hadithi nyingine. M-KOPA walianza kuiuza hapa Kenya mwaka wa 2012, na kampuni nyingi zikafuata mtindo huo: unalipa deposit, kisha unamaliza deni kidogo kidogo kwa simu. Nyingi ya mitambo hiyo ina laini ya simu ndani, na laini hiyo hubeba ujumbe pande zote mbili. Ukilipa, inafunguka. Ukichelewa, inajifunga, na hakuna fundi aliyekanyaga kwako.

Tuseme ukweli, bila hiyo kufuli wengi hawangepewa mkopo, maana hawana hati ya shamba wala payslip ya kuweka dhamana. Lakini kufuli ni mamlaka. Kompyuta iliyo mbali ndiyo inaamua kama mtoto atafanya homework usiku.

Halafu kuna mita janja, zinazotuma taarifa zenyewe. Mita ikirekodi matumizi kila dakika 15, mtu anaweza kujua mnaamka saa ngapi na siku gani nyumba haina watu. Wakazi wa Naperville, karibu na Chicago, waliupeleka mji wao kortini kwa sababu hiyo. Mwaka wa 2018 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kukusanya data hiyo ni upekuzi, ila ikasema ni upekuzi wenye sababu ya kutosha, kwa hivyo mita zikabaki. Uholanzi nako, Seneti ilikataa mwaka wa 2009 kulazimisha kila nyumba kuwekewa mita hizo. Baadaye sheria ikabadilishwa, na mwenye nyumba akaruhusiwa kukataa.

Kwetu, mara nyingi kura inapigwa na kidole chako, pale unapobonyeza 1 kukubali masharti.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza, uliza. Inafungwa baada ya kuchelewa siku ngapi? Rekodi zangu za malipo mnampa nani? Na lile swali watu husahau: nikimaliza deni, laini inazimwa ama inaendelea kutuma taarifa? Uliza kwa SMS au barua pepe ili ubaki na majibu. (Sisi pia tunaona malipo yako, kwa hivyo tuulize hayo hayo.)

Una haki ya kujibiwa. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kuiona, na kutaka irekebishwe ikiwa na makosa. Kifungu cha 35 pia kinakuruhusu kuomba uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake uangaliwe upya. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Na usifute zile SMS za malipo hata kama simu imejaa. Ukifungiwa na ulikuwa umelipa, ule msimbo wa muamala ndio ushahidi wako.