Oili Inavujia Wapi? Somo la Mguu wa Mashine ya Boti

Wengi wetu tukishuka mwendokasi Gerezani tunawaza spea za magari na pikipiki. Lakini Feri haiko mbali, na mashine za boti za wavuvi nazo huletwa huku. Nilipokuwa PT kwenye gereji moja ya maeneo hayo, kesi iliyorudi kuliko zote ilikuwa hii: mashine imebadilishwa sili, wiki chache baadaye inavuja tena. Mvuvi kalipa mara mbili, na siku zote hizo haingii baharini. Sili imekufa, sawa. Nini kimeiua?

Ninachokiita mguu ni ile sehemu ya chini inayozama majini, yenye gia, shafti ya propela na oili yake yenyewe. Ikifanya kazi inapata moto, vilivyomo ndani vinatanuka na kusukuma nje. Ikizimwa, bahari inaipoza, presha inashuka, na upenyo ule ule uliotoa oili unavuta maji ya chumvi. Ni sheria za gesi zile zile za sekondari. Ndiyo maana tone dogo mchangani si dogo: gia na beringi zinalala kwenye chumvi usiku kucha.

Kwanza hakikisha ni oili ya gia kweli. Mashine nyingi hutoa moshi katikati ya propela, na zile zinazochanganya oili na petroli hutema pia oili isiyoungua: nyeusi, nyepesi, inanuka petroli. Ya gia ni nzito na ina harufu kama ya kiberiti. Nimeshuhudia mguu mzima ukifunguliwa kwa ajili ya masizi tu! Halafu legeza skrubu ya chini. Maji yakitangulia kutoka, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, bahari imeshaingia.

Hapo mkono unawasha kufungua. Fundi wangu alikuwa na neno lake: "Dogo, usishike spana kabla hujaiuliza."

"Sasa mzee, inaulizwaje?"

Akaleta pampu ya baiskeli yenye geji. Unamwaga oili yote, unaziba tundu moja, unafunga mpira wa pampu kwenye jingine, unapandisha hadi psi 10, ukizidi sana 15. Usitumie kompresa ya matairi bila kidhibiti, utazing'oa sili ambazo zilikuwa nzima. Mshale ukishuka, paka povu la sabuni kwenye shafti ya propela, shafti ya gia, skrubu na maungio ya mguu. Mapovu yatakuonyesha. Ukitulia tuli dakika tano, zungusha propela taratibu kwa mkono na ubadilishe gia, maana kuna sili inayoshika ikiwa imesimama na kuachia ikizunguka. Wakati mwingine kosa lote ni washa ya skrubu ya oili, kitu cha bei ndogo kuliko nauli.

Kama ni sili ya propela, vua propela uchungulie nyuma yake. Kwa wavuvi wetu muuaji mkubwa ni mshipi au uzi wa nyavu: unajiviringisha kwenye shafti, unajisukuma ndani na kuikata sili. Kisha safisha shafti, pitisha ukucha pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitadumu; shafti inavishwa bushi nyembamba au inabadilishwa. Hapa ndipo pesa nyingi za wavuvi zinapopotea, kwa sababu mfereji hauonekani ukiwa na haraka.

Dukani usiseme tu "sili ya boti". Soma namba: kipenyo cha ndani, cha nje, unene, vyote kwa milimita. Ya gari yaweza kuenea kabisa, ila springi yake ikiwa ya chuma cha kawaida itashika kutu. Mara nyingi sili ni mbili, kwa hiyo kabla ya kuzitoa piga picha ujue kila mdomo ulielekea wapi.

Ukishafunga, rudia presha. Oili jaza kutokea tundu la chini mpaka itoke la juu bila mapovu, funga la juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kufunga la chini, na washa mpya zote mbili. Baada ya safari chache, legeza tena skrubu ya chini kidogo, uangalie rangi.